Tuiondoe Sufuria Ya Mgonjwa Jikoni



Mara hii tumeonelea tuzungumzie jambo dogo la jikoni, ambalo kila tulipolitaja baina yetu kila mmoja alikuwa na kisa chake. Nalo ni ile sufuria ndogo inayowekwa pembeni ya sigiri kwa ajili ya kumpikia mgonjwa wa presha au wa sukari peke yake. Hapa Kampala utaikuta katika nyumba nyingi za jamaa zetu, kuanzia Kibuli mpaka Kawempe, na kuanzia Nateete mpaka Kisenyi. Sufuria kubwa ni ya watu wote, ina mafuta yake, ina chumvi yake, ina harufu yake. Sufuria ndogo ni ya mama, au ya jjajja, haina kitu.

Rai yetu tunaiweka wazi tangu mwanzo: sufuria hiyo iondoke. Hatusemi mgonjwa arudishwe kwenye sufuria kubwa kama ilivyo. Tunasema sufuria kubwa ndiyo ibadilike, ifanane na ya mgonjwa, na nyumba nzima ile chakula kimoja.

Kisa Cha Nyumba Moja

Tunaye mwenzetu katika darsa yetu ya akina mama. Hatutamtaja jina, naye ameturuhusu tukieleze kisa chake ili wengine wapate faida. Siku moja alikwenda kliniki kwa sababu ya maumivu ya goti. Wakampima presha, wakampima tena, kisha wakamwambia iko juu. Akapewa dawa, na akaambiwa apunguze chumvi na mafuta.

Aliporudi nyumbani hakumwambia mtu abadilishe chochote. Alisema moyoni mwake: ugonjwa ni wangu, kwa nini niwatese watoto? Basi akaanza kupika mara mbili. Kwanza mchuzi wa watu wote, akaukaanga kama alivyozoea kwa miaka zaidi ya ishirini, akatia unga wa mchuzi wa pakiti, akauonja chumvi, akaongeza. Watu wakishapakuliwa, ndipo anainjika sufuria yake ndogo: dodo ya kuchemsha na nyanya moja. Wenzake wamezunguka sinia sebuleni, yeye yuko jikoni juu ya kigoda, anangojea chakula chake kiive. Siku moja mtoto wake mdogo akaja mlangoni akamtazama, akamuuliza: "Mama, kwani umeadhibiwa?"

Wiki ya tatu alianza kuchovya kidogo katika sufuria kubwa. Mwezi wa pili sufuria ndogo ilioshwa ikapandishwa juu ya kabati. Haukupita muda mrefu, akaanguka baada ya Swala ya Alasiri, akalazwa hospitali wiki nzima.

Na sisi je, wenzake wa darsa? Tulikwenda kumzuru, tukamuombea dua, na tulipotoka nje tukaambizana kuwa dada yetu hana subira. Hili ndilo linalotufanya tuandike leo. Tulimlaumu mtu kwa kushindwa vita ambayo tulimuacha apigane peke yake, na wengine wetu tulikuwa tumeketi kwenye sinia lake siku hizo hizo tukila na kumsifu kwa upishi.

Kwa Nini Sufuria Ndogo Haidumu

Watu wengi hudhani kuwa kubadilisha chakula ni suala la nia tu. Mwenye nia ataweza, na asiyeweza basi nia yake ni dhaifu. Lakini wataalamu wanaochunguza tabia za watu wanatuonyesha picha nyingine. Mwaka 2002 Wendy Wood na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti ambao watu waliandika kila baada ya muda walichokuwa wakikifanya. Ikaonekana kuwa karibu asilimia 43 ya matendo yao ya siku yalikuwa mazoea, yaani yalifanyika karibu kila siku, mahali pale pale, aghalabu akili ikiwa inafikiria jambo jingine.

Mazoea basi yana kigingi chake, kama mbuzi aliyefungwa. Kigingi ni mahali, ni saa, ni harufu, ni watu ulio nao. Sasa mtazame mwenzetu. Amesimama mbele ya sigiri ile ile, saa ile ile, vitunguu vinanukia katika mafuta, mkono unajua wenyewe kopo la chumvi liko wapi. Kila kitu jikoni kinamwita kwenye yale aliyoyazoea, halafu tunamtaka asiitikie.

Na kuna jambo jingine ambalo sisi wenyewe hatukulifikiria mpaka alipotueleza. Yeye ndiye mpishi, kwa hiyo ndiye muonjaji. Kila siku alikuwa anaonja chumvi ya sufuria kubwa ili iwafae wengine, kisha anageukia yake. Mwaka 1982 ulichapishwa utafiti mdogo huko Marekani wa vijana waliokula chakula chenye chumvi kidogo kwa miezi mitano. Mwisho wake ndimi zao zilibadilika, chakula chenye chumvi kidogo ndicho kikawa kitamu kwao. Ulimi hufundishika, alhamdulillah, lakini unahitaji muda wa kuachwa ujifunze. Ulimi wa mwenzetu ulikuwa unarudishwa nyuma kila jioni kwa kijiko cha kuonjea.

Katika London, mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akijaribu kujijengea zoea moja jipya la kula, kunywa au kufanya mazoezi. Kazi yao ilitoka mwaka 2009. Kwa wastani zoea lilikamata baada ya siku 66, lakini kwa wengine ilikuwa siku 18 tu na kwa wengine ilikadiriwa kufika siku 254. Walioruka siku moja hawakuharibikiwa, waliendelea kesho yake na zoea likajengeka. Kwa hiyo wiki tatu za mwenzetu, peke yake, jikoni mwake, zilikuwa ni mwanzo tu wa safari. Hakukosa subira. Alikosa wenzake wa safari.

Waislamu tunalo somo hili tangu zamani. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuwa amali anazozipenda zaidi Allah ni zile zinazodumu hata zikiwa chache. Tunalisoma kwa ajili ya Swala za sunna na kisomo cha Qur'ani, nalo linafaa hata kwa kijiko cha chumvi.

Furaha Haitengewi Sahani Yake

Tuje kwenye furaha, kwa sababu hapo ndipo sufuria ndogo inapoumiza zaidi. Ugonjwa umeingia mwilini, sasa na upweke nao unaingia rohoni.

Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi. Ndani yake aliwalaumu matabibu wa zama zake walioshughulikia mwili wakaisahau nafsi, ilhali viwili hivi vimeshikana, kimoja kikiugua kingine huathirika. Zaidi ya miaka elfu moja imepita, na bado mtu anatoka kliniki na karatasi ya vyakula alivyokatazwa, bila ya mtu kumuuliza utakula na nani.

Ripoti ya Furaha Duniani ya mwaka 2025 ilitenga sehemu nzima kuzungumzia kula pamoja. Ilikuta kuwa watu wanaokula na wenzao mara nyingi zaidi huridhika zaidi na maisha yao, na hali hiyo ilionekana katika nchi tajiri na nchi maskini. Ripoti hiyo hiyo ilieleza kuwa Marekani, mwaka 2023, takriban mtu mmoja kati ya wanne alisema kuwa siku iliyotangulia alikula milo yake yote peke yake. Utafiti mrefu wa chuo kikuu cha Harvard, ulioanza mwaka 1938 na vijana wa kiume 724, ukaendelea nao mpaka uzeeni, umefikia neno linalokaribiana na hilo: mahusiano mema ndiyo yanayowaweka watu katika furaha na afya kuliko mali na umaarufu.

Lakini tusiende mbali, hapa kwetu Uganda kuna ushahidi mzito zaidi. Waganda wana maneno yao ya zamani kwa huzuni iliyozidi mpaka ikawa maradhi: okwekyawa, mtu kujichukia, na okwekubagiza, mtu kujihurumia akazama. Katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai watafiti waliwakusanya watu wenye sonona katika makundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, wakae pamoja kila wiki kwa wiki 16, wazungumze juu ya misiba yao, ugomvi wao na mabadiliko ya maisha yao. Hawakupewa vidonge. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya waliokaa katika makundi walikuwa na sonona kamili, na baada yake zilibaki asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikuwa na makundi walishuka kutoka asilimia 94 mpaka asilimia 54.7.

Haya makundi hayakuwa ya kula, wala hatusemi kuwa sinia litamponya mwenye sonona. Anayeugua rohoni naye apelekwe kwa wataalamu bila kuona haya. Tunachosema ni kuwa kukaa pamoja ni dawa iliyoshuhudiwa katika ardhi yetu hii, na kumtenga mgonjwa wakati wa chakula ni kumnyang'anya dawa hiyo mara mbili au tatu kwa siku.

Tena tuna mafundisho ya Mtume wetu. Masahaba walipomshitakia kuwa wanakula wala hawashibi, aliwauliza kama huenda wanakula hali ya kutengana, akawaelekeza wakusanyike kwenye chakula chao na walitaje jina la Allah, watabarikiwa. Na tazameni habari ya talbina, uji wa unga wa shayiri. Bibi Aisha (R.A.) alipofiwa na jamaa yake, baada ya wageni kuondoka na kubaki watu wa nyumbani, aliagiza sufuria ya talbina ipikwe, ikamiminwa juu ya tharidi, akawaambia wanawake wale. Alikuwa amesikia kwa Mtume (S.A.W.) kuwa talbina huuliwaza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Angalieni basi: chakula cha kuliwaza mgonjwa kiliandaliwa, na waliokuwamo nyumbani wakakila. Hakikupelekwa kwa mtu mmoja pembeni.

Chakula Cha Mgonjwa Ni Chetu Sote

Labda mtu atasema: sawa, lakini mimi siumwi, kwa nini nile chakula cha mgonjwa?

Uchunguzi wa kitaifa wa Wizara ya Afya wa mwaka 2014 ulikuta kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne hapa Uganda ana presha ya juu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Kama watu wazima wanne wanazunguka sinia lako leo, usifanye haraka kusema kuwa mgonjwa ni yule mmoja aliyepimwa.

Mwaka 2001 ulitoka utafiti mkubwa wa Marekani wa watu 412, wakipewa vyakula vyenye chumvi kwa viwango mbalimbali. Chumvi ilipopungua, presha ilishuka kwa wenye presha na ilishuka pia kwa wasiokuwa nayo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikijumuishwa na ile iliyomo katika mkate, chapati na ule unga wa pakiti. Linashauri pia angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Maneno hayo wanaambiwa watu wote. Hakuna ushauri mmoja kwa wagonjwa na mwingine kwa wazima.

Na chakula hicho tunacho. Nakati, dodo, bbugga na ntula zinauzwa Kalerwe, Nakasero na Owino, na wauzaji wanazipitisha mpaka milangoni mwetu. Mukene ni samaki mdogo anayeliwa mzima na mifupa yake, na bei yake si ya kulinganishwa na nyama. Matooke ya kufunikwa kwa majani ya mgomba na kuivishwa kwa mvuke hayahitaji tone la mafuta. Viazi vitamu, maharage, ulezi, vyote ni vya hapa.

La kusikitisha ni kuwa vyakula hivi tumevipa sifa ya unyonge. Mukene wanaitwa chakula cha watu wasio na kitu, na nakati huliwa siku mgeni asipokuwapo. Mgeni akija, heshima yake tunaipima kwa mafuta yanayoelea juu ya mchuzi na sukari iliyotuama chini ya kikombe. Tumesahau kuwa chakula cha heshima kuliko vyote katika Buganda ni luwombo, kuku au nyama au binyebwa iliyofungwa katika jani la mgomba lililopitishwa motoni, ikaiva kwa mvuke taratibu. Inasimuliwa kuwa ilianza katika jikoni ya Kabaka Mwanga miaka ya 1880. Kama Kabaka aliheshimiwa kwa chakula kisichokaangwa, shemeji yako kutoka Jinja ataheshimika pia.

Hatuwaharamishii watu chapati wala rolex ya njiani, wala pilau ya Iddi. Siku ya furaha ina chakula chake. Tatizo ni pale chakula cha Iddi kinapotaka kuliwa kila Jumanne.

Wanaosema Haiwezekani

Tulipolizungumza jambo hili katika darsa, pingamizi zilikuwa nyingi, na nyingine ni za haki. Tuzijibu.

Mume hatakubali. Hili linasemwa na dada zetu wengi, na tunaomba akina baba walisome kwa makini. Ndugu yetu, wewe ndiye unayeleta nyumbani kopo la mafuta na kilo ya sukari. Ukitia chumvi ya ziada kabla hujaonja, watoto wote wanakutazama. Mama hawezi kuibadilisha nyumba kama baba yuko upande wa chumvi. Ukimpenda mkeo, mpende na katika sahani.

Watoto watakataa. Watakataa siku za mwanzo, na ndiyo maana hatusemi mbadilishe vyote usiku mmoja. Punguza chumvi kwa kiasi ambacho hakuna atakayekigundua wiki hii, na wiki ijayo punguza tena. Mtoto aliyezoea sukari vijiko vitatu katika chai atapokea viwili na nusu bila vita.

Gharama itapanda. Hapa tunaona ni kinyume chake. Sufuria mbili zinakula makaa mawili, na kila mwenye nyumba Kampala anajua bei ya makaa. Mboga na mukene ni nafuu kuliko nyama ya kila siku. Kinachoongezeka ni kazi ya kuchambua majani na kusafisha mukene, na kazi hiyo ina mikono mingi nyumbani kama watoto wa kiume nao wataitwa.

Mgonjwa ana masharti yake maalumu. Hili ni kweli, nasi hatulipingi. Mwenye maradhi ya figo huenda daktari akamkataza hata matooke na baadhi ya matunda ambayo kwa wengine ni mema. Huyo afuate aliyoambiwa, na ikibidi apikiwe chake, lakini kiletwe aketi nacho pamoja na wengine. Mwenye sukari anakula chakula kile kile, kipimo chake cha matooke na posho ndicho kinachotofautiana. Na dawa zisiachwe! Tumeona watu wakipata nafuu kidogo wanaacha vidonge, hilo ni hatari.

Tuanze Vipi

Sisi tunapendekeza jambo moja tu kwa wakati mmoja, nyumba nzima kwa pamoja. Chagueni: mwezi huu na ujao tunaondoa unga wa pakiti. Au: mboga ya majani kila siku jioni. Likishakamata, ongezeni la pili. Anayetaka kubadilisha kumi siku moja, atarudi kwenye la kwanza akiwa amechoka.

Tena zoea likifungwa kwenye kigingi cha zamani hukamata upesi zaidi, na Waislamu Allah ametupa vigingi vitano kila siku. Baada ya Magharibi, kabla ya Isha, sinia liwekwe, watu wote wakae, simu ziwekwe mbali. Anayechelewa kwa ajili ya msongamano wa magari wa mjini asisubiriwe mpaka usiku wa manane watoto wakiwa wamelala, lakini siku anazoweza afanye bidii afike. Hata siku tatu kwa wiki ni nyingi kuliko hakuna.

Na kopo la chumvi lisikae kwenye sinia. Likikaa jikoni, anayelitaka lazima ainuke, na wengi wataona uvivu.

Yule mwenzetu je? Aliporudi kutoka hospitali, binti yake mkubwa alikuwa ameishapika. Sufuria ilikuwa moja. Baba alikula kimya, kijana wa pili akanuna, yule mdogo akauliza kama nao sasa wameadhibiwa, wakacheka wote. Bado anakunywa dawa zake, na bado siku nyingine presha hupanda. Lakini ametuambia kuwa tangu siku ile hajakalia tena kile kigoda cha jikoni wakati wa chakula. Na mumewe alipokwenda kupimwa, kwa kusukumwa na binti yule yule, yake nayo ilikutwa iko juu. Muda wote ule alikuwa anakula katika sufuria kubwa akidhani ni ya watu wazima wa afya.

Kwa anayetaka kuanzia leo, hiki hapa chakula cha sufuria moja.

Mukene Wa Binyebwa (watu 6)

Vipimo
Mukene mkavu – vikombe 2
Binyebwa (karanga mbichi zilizosagwa) – kikombe 1 na nusu
Nyanya – 4
Vitunguu maji – 2
Kitunguu saumu – punje 4
Tangawizi mbichi – kipande kidogo
Nakati – fungu 1
Ndimu – 1
Maji – vikombe 4
Chumvi – nusu kijiko cha chai

Namna ya kutayarisha na kupika
1. Chambua mukene, toa vichwa, waoshe kwa maji ya moto mara kadhaa mpaka mchanga uishe. Wakaushe katika kikaango kisicho na mafuta mpaka wanukie.
2. Katakata nyanya na vitunguu, ponda kitunguu saumu na tangawizi. Chemsha vyote kwa kikombe kimoja cha maji mpaka vilainike. Usitie mafuta, karanga zina mafuta yake.
3. Koroga binyebwa katika maji baridi yaliyobaki mpaka visiwe na madonge, mimina katika sufuria. Endelea kukoroga mpaka ichemke, kisha punguza moto na uache iive kwa nusu saa au zaidi, ukikoroga mara kwa mara isishike chini.
4. Tia mukene, acha dakika 10. Tia nakati zilizokatwa, acha dakika 5.
5. Mwisho tia chumvi na maji ya ndimu. Chumvi ikitiwa mwisho huonekana zaidi ulimini, na ndimu huisaidia.
Karanga zenye kuvu au ladha ya uchungu zitupwe, zisisagwe. Pakua na matooke au viazi vitamu.

Tunamuomba Allah awape shifaa wagonjwa wetu, atie baraka katika masinia yetu, na atusamehe pale tulipowalaumu watu badala ya kuwasaidia. Aamiyn.

Wabillaahi tawfiyq.